Mguu wa Msichana Niliyemkimbiza

Mama yake alinichukia tangu siku ya kwanza, na mimi nikamchukia vilevile. Alikuja shuleni wiki ya pili ya muhula, saa nne asubuhi, akampita mlinzi wa lango bila kumsalimu, akaja moja kwa moja hadi kwenye meza yangu katika chumba cha walimu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono inayonuka moshi na maziwa, kwa sababu aliuza maziwa ya ngamia sokoni.

"Wewe ndiyo unataka mtoto yangu akimbie?"

Nikamwambia ndiyo, ana mbio.

"Atakimbia na nguo yake. Kichwa imefunikwa, mguu imefunikwa. Ukimvua, mimi nakuja hapa tena."

"Mama, hakuna aliyetaka kumvua mtu."

"Nimesema tu," akajibu, akaondoka.

Wenzangu walicheka alipotoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa mwalimu wa Kemia, na kwa kuwa niliwahi kukimbia nikiwa chuoni, nilibebeshwa timu ya riadha pia. Sikuhitaji kufundishwa adabu na muuza maziwa.

Sitajipamba hapa. Sikuipenda Garissa. Nilipangiwa huko nikiwa na binti wa miaka minne, nikamwacha kwa mama yangu Ukambani kwa sababu niliogopa kumleta. Walimu waliotoka bara kama mimi walikuwa wakiondoka mmoja mmoja kwa kuhofia mashambulizi, wengine bila hata kuaga, na sisi tuliobaki tukagawiwa vipindi vyao. Joto la Machi lilikuwa likinikaba. Nilichukia vumbi, nilichukia miiba ya miti ya mathenge inayotoboa soli, nilichukia wale ndege wakubwa, makorongo, waliosimama juu ya takataka kama wamealikwa. Nikipiga simu nyumbani, binti yangu alizungumza nami dakika moja kisha akasema, "Shosho ananiita," na nyanya yake hakuwa amemwita.

Nilikuwa nimeomba uhamisho mara mbili. Mwalimu mkuu alikuwa mzee mpole asiyependa makaratasi. Siku moja akaniambia, nusu kwa utani, "Nipelekee wasichana hawa mashindano ya taifa, nami barua yako nitaisukuma mwenyewe." Huenda alisahau maneno hayo kabla ya chakula cha mchana. Mimi sikuyasahau.

Na timu nzima ilikuwa msichana mmoja. Wengine walikuja uwanjani kukwepa kazi ya usafi. Yeye alikuwa kidato cha tatu, mwenye miaka kumi na saba, mwembamba, kimya, akiwa na hatua ndefu nyepesi ambayo haifundishwi. Siku ya kwanza nilimpa mita elfu tatu, akamaliza kisha akauliza kama hizo ndizo zote. Alikimbia na suruali ya michezo chini ya sketi ndefu, hijabu ameifunga nyuma ya shingo. Raba zake zilikuwa za mitumba, soli imelika upande wa nje. Niliziona. Nikajiambia tutatafuta nyingine baada ya mashindano.

Uwanja wetu ulikuwa mgumu kama sakafu, kwa hiyo nikaona ni heri lami, angalau ni tambarare. Baada ya sala ya alfajiri alikuwa akinisubiri langoni. Tulikwenda kuelekea daraja la Tana na kurudi, yeye akikimbia na mimi nyuma yake kwenye bodaboda, saa mkononi. Wiki ya kwanza mara moja kwa siku. Wiki ya tatu nikaongeza mbio za jioni. Nilikuwa najua, kwa sababu nami nilifundishwa, kwamba umbali huongezwa kidogo kidogo. Lakini mashindano yalikuwa karibu, na nilikuwa nikihesabu siku, si kilomita.

Ramadhani ikaingia katikati ya mazoezi. Nilimuuliza kama anataka kupumzika. Ukweli ni kwamba niliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka aambiwe hapana.

"Nitaweza, madam."

Tukahamisha mbio za jioni zikawa nusu saa kabla ya kufuturu. Alikimbia tumbo tupu, midomo imempauka, na nilipokuwa nikimpa muda wake alikuwa akitazama upande wa msikiti, akisubiri adhana. Siku moja, tukirudi kwa miguu, aliniambia kwa aibu kwamba hajaona siku zake tangu Krismasi, na kama hilo ni jambo baya. Nikamwambia, "Bahati yako. Wengine wanapoteza wiki nzima ya mazoezi." Nilisema hivyo. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nilisema kitu kingine, lakini nilisema hivyo.

Mguu ulianza mwishoni mwa Ramadhani. Aliniambia unauma juu, katikati, nyuma kidogo ya kidole cha pili, akimaliza kukimbia.

"Umekaza kamba sana. Legeza."

Akalegeza. Siku chache baadaye ukaanza kumuuma akiwa bado anakimbia. Nikamwambia apake dawa ya kuchua. Kisha asubuhi moja akaja amechelewa, akiwa anatembea kwa upande wa nje wa mguu.

"Madam, sasa unauma hata nikilala."

"Mimi kichwa kinaniuma hata nikilala," nikamjibu, "na bado naingia darasani. Ruka kwa huo mguu nione."

Niliposema hivyo nilitaka kumwaibisha tu. Akainua mguu wa kulia, akaruka kwa ule wa kushoto mara moja. Uso wake ukabadilika rangi. Akaruka tena, kwa sababu sikuwa nimemwambia aache.

"Unaona? Unaweza," nikasema. Na siku hiyo alikwenda hadi darajani na kurudi.

Kesho yake mama yake akaja. Safari hii alimshika binti yake mkono, akamkalisha kwenye kiti changu mimi, akamvua soksi mbele ya walimu wote.

"Angalia. Hii mguu imefimba."

Alisema "imefimba". Mwenzangu mmoja akaficha mdomo kwa daftari. Na mimi, badala ya kuutazama mguu, nikaisikia hiyo f, nikahisi nimemshinda yule mama kwa kitu fulani.

"Ni uchovu, mama. Wanariadha wote huvimba."

Akaweka kidole gumba chake juu ya mguu, akabonyeza mahali pamoja tu. Msichana akavuta pumzi kwa meno.

"Ngamia ikishika mguu hivi, sisi tunatoa mzigo," mama akasema. "Wewe umeongeza."

"Mtoto wako si ngamia."

"Ndiyo. Ngamia iko na mtu inaiangalia."

Tukapandishiana sauti hadi mwalimu mkuu akatoka ofisini. Akaamua msichana apelekwe hospitali, apigwe picha, na kila mtu aheshimu kitakachosemwa. Mama alikuwa ameacha maziwa sokoni kwenye jua, yangeharibika. Akanitazama, akamtazama mwalimu mkuu, akasema atamwamini daktari. Hakusema ataniamini mimi. Akarudi sokoni, nami nikampeleka msichana kwa bajaji.

Daktari alikuwa kijana kutoka bara, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Aliipandisha picha kwenye mwanga, msichana akiwa nje kwenye benchi akivaa raba.

"Hapa leo sioni kitu," akasema.

Nilihisi furaha mbaya, ya ushindi.

"Lakini hiyo haimaanishi hakuna," akaendelea. "Mfupa ukianza kupasuka kwa kukimbia sana, ufa huwa mwembamba mno. Wiki za mwanzo mara nyingi picha haiuoni. Pale nilipomgusa aliruka. Hiyo kwangu inatosha. Asikimbie wiki tatu, kisha mrudi tupige nyingine. Akikimbia, ule ufa unaweza kuwa mvunjiko kamili."

Mashindano ya kanda, yanayochuja wa kwenda taifa, yalikuwa baada ya siku tisa.

Nilimshukuru, nikatoka. Msichana aliinua uso kutoka kwenye benchi. "Amesemaje, madam?"

"Amesema picha haionyeshi kitu. Mfupa mzima."

Ndivyo nilivyomwambia, ndivyo nilivyomwambia mwalimu mkuu, na ndivyo msichana alivyomwambia mama yake. Nilimpa siku nne za kupumzika, ili nijione mwenye huruma. Siku ya tano tulikuwa tena barabarani, mguu umefungwa bendeji niliyoifunga mwenyewe, na yeye hakulalamika tena hata mara moja. Aliamini mguu wake ni mzima, na kwamba maumivu ndiyo yanayomdanganya.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Walikuja wasichana wa Wajir na Mandera, wamesafiri siku nzima kwa lori na mabasi, wengine wakikimbia peku. Mama yake alikuja pia. Sikumtarajia. Alikuwa amesimama nyuma ya kamba, peke yake, mikono ameikunja, hakumsalimu mtu.

Ilikuwa mita elfu tano, mizunguko kumi na miwili na nusu. Msichana wetu alishika nafasi ya pili tangu mwanzo na akabaki pale, na kuanzia mzunguko wa sita nikaanza kuuandika moyoni mwangu mzigo nitakaofunga siku ya kuhama. Nilikwisha kuchagua nitakachompa jirani na nitakachobeba. Mzunguko wa tisa, akiingia kwenye kona iliyo karibu nasi, akampita wa kwanza. Nikapiga kelele kama kichaa. Watu waliokuwa karibu walisema walisikia mlio, kama kijiti kikavu. Mimi sikusikia kwa sababu ya kelele zangu.

Alianguka kwa magoti na viganja. Nilikimbia hadi ukingo wa chokaa.

"Amka!" nikamwambia. "Amka, umebakiza minne! Amka!"

Alinitazama. Nilidhani atakataa. Akaamka. Akakimbia karibu nusu ya mzunguko, hijabu imelegea, mguu ukitua kwa pembe ambayo mguu wa binadamu hautui, na uwanja mzima ukanyamaza isipokuwa mimi.

Mama yake akaruka kamba. Alikatisha uwanja kwa mwendo wa kawaida, wakimbiaji wengine wakimkwepa, akamfikia, akamkumbatia kwa nyuma na kumsimamisha kama unavyomsimamisha mtoto anayeelekea barabarani. Akambeba. Aliponipita alisema maneno machache kwa Kisomali, bila kupandisha sauti. Sikuyaelewa. Wasichana wa timu waliyaelewa, wakatazama chini, na hakuna aliyekubali kunitafsiria.

Hospitalini alikuwa daktari yuleyule. Safari hii mama alikuwa ndani, amesimama mbele kabisa ya mwanga. Picha haikuhitaji mtaalamu. Mfupa ule mrefu unaoelekea kidole cha pili ulikuwa vipande viwili, kimoja kimepanda juu ya kingine.

"Huu ni wa leo," daktari akasema, akionyesha kwa kalamu. Kisha akaonyesha kama wingu jeupe kuzunguka pale palipokatika. "Na hii ni ya zamani kidogo. Mfupa ulikuwa umepasuka, ukawa unajaribu kujiunga. Ungeachwa, ungejiunga." Akanigeukia. "Mwalimu, nilisema wiki tatu."

Mama akageuka polepole.

"Alisema?"

Nikaitazama picha.

"Nakuuliza. Alisema?"

"Alisema."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Msichana alikuwa kitandani, uso ameugeuzia ukutani. Daktari, ambaye sasa hakunitazama tena, akamuuliza maswali kwa upole: anakula nini, amefunga siku ngapi akikimbia, siku zake zinakuja sawasawa. Akajibu kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye hilo la mwisho akasema, "Nilimwambia madam. Alisema ni bahati." Daktari akaeleza kwamba mwili usiopata chakula cha kutosha hufunga kwanza mambo kama hayo, kisha huanza kuinyima mifupa. Alieleza kwa mama, si kwangu. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akanifungulia mlango.

"Toka."

Msichana alikaa na plasta ngumu mguuni wiki sita. Mwalimu mkuu aliniita mara moja tu. Alisema hataandika barua yoyote, ya kunihamisha wala ya kunishtaki, na kwamba riadha itapewa mtu mwingine. Alisema hayo huku akipanga kalamu zake mezani. Ningependelea anitukane.

Nilikaa siku tano, kisha nikaenda sokoni. Nilinunua sukari, majani ya chai na tende, nikavibeba mbele yangu. Akina mama wa maziwa walikuwa wamekaa mstari mmoja na mitungi yao ya plastiki, na niliposimama mbele ya mama yule wote wakanigeukia. Aliendelea kuuza. Alimpimia mteja, akampimia mwingine, akasuuza kikombe, akafukuza nzi. Nilisimama juani labda nusu saa, mfuko wa sukari ukinikata vidole.

"Unataka nini?" akauliza hatimaye.

"Nimekuja kuomba msamaha, mama."

"Ya nini?"

"Nilikosa. Nilikudanganya. Nilimuumiza mtoto."

"Unaomba ili ulale usingizi," akasema. "Mimi sitaki ulale."

Mwanamke aliyekaa kando yake akamgusa goti, akamwambia kitu kuhusu Mungu. Nilisikia neno Allah. Mama akautoa ule mkono.

"Msamaha ni ya Allah, yeye iko na nyingi. Mimi niko na mtoto haiwezi kutembea kwenda shule. Hiyo sukari itambeba?"

Nikasema haitambeba.

"Basi beba wewe."

Kwa hiyo nilimbeba, kwa namna ile niliyoweza. Kila asubuhi kwa wiki sita nilikuwa mlangoni pao, mtaa wa pili kutoka barabara kuu, na bajaji ikinisubiri. Nilibeba mfuko wa vitabu na kushika magongo akipanda. Jioni nilimrudisha. Mama alinifungulia lango bila kunisalimu na kulifunga bila kuniaga. Sikuwahi kukaribishwa hata maji. Wiki ya pili nikaanza kumchukia upya, kwa sababu nilidhani adhabu ikikubaliwa hupungua. Niliwahi kumwambia, "Mama, angalau niitikie salamu." Akaniitikia, kikamilifu, kwa Kiarabu, kisha akafunga lango.

Msichana naye hakuzungumza njiani. Alitazama nje. Asubuhi moja, bajaji ikiwa imezuiwa na kundi la mbuzi, akaniuliza bila kugeuka:

"Madam, barua yako ya uhamisho imekuja?"

"Nani alikwambia habari ya barua?"

"Wasichana wote wanajua. Tulijua tangu mwanzo."

"Na bado ulikimbia?"

Akafikiri. "Nilikuwa nakimbia kwa sababu napenda," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa unakimbia kwa sababu ya barua."

Mbuzi wakapita, tukaendelea. Nilikuwa na hasira naye, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi ninapolikumbuka: mtoto mwenye mguu uliovunjika kwa sababu yangu, ananiambia ukweli kwa upole, na mimi natafuta neno la kumrudishia.

Plasta ilitolewa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekonda, ngozi imekauka kama karatasi. Siku aliyotembea bila gongo mama yake alinikuta langoni, akaniambia, "Basi. Usirudi hapa." Nilitaka aseme zaidi. Nilisimama hadi dereva wa bajaji akapiga honi.

Uhamisho haukuja mwaka huo. Nilimchukua binti yangu, nikamleta Garissa, akalia wiki nzima akimwita shosho, kisha akazoea kuliko mimi. Riadha ilipewa mwalimu mpya wa Hisabati, kijana wa Mandera asiyejua mbio hata kidogo. Nilimdharau waziwazi. Alikuwa akiwauliza wasichana wenyewe wamekimbia vipi na wanajisikiaje, akiandika majibu kwenye daftari la miraba, na siku mbili za kila wiki aliwakataza kabisa. Wenzangu waliposema msichana yule amerudi uwanjani, nikasema hatadumu. Nilisema kwa sauti, ili nisikike.

Lakini alirudi kweli, taratibu, miezi minane baadaye, akiwa na raba mpya ambazo mama yake alizinunua. Alipofika kidato cha nne alikimbia mashindano ya kanda, akawa wa nne. Hakwenda taifa. Mama yake alikuwa nyuma ya kamba. Nilimpita kwa umbali wa hatua tatu, akageuza kichwa upande mwingine kwa makusudi, taratibu, ili nione kwamba ameniona.

Wiki chache kabla ya mtihani wao nilikuwa nikifundisha kidato cha pili, dirisha likiwa wazi upande wa uwanja. Nilimwona akikimbia peke yake, hatua ileile. Katikati ya mzunguko akasimama. Akaketi chini, akavua raba, akauangalia mguu wake, akaubonyeza kwa kidole gumba. Yule mwalimu wa Hisabati akatembea hadi pale, akasimama mahali ambapo kivuli chake kilimfunika, akamngoja. Walikaa hivyo muda mrefu. Kisha msichana akavaa raba, wakatoka uwanjani wakitembea, naye hakuchechemea. Nadhani alikuwa amechoka tu.

Wanafunzi wangu walikuwa wakinitazama. Nilikuwa na hasira, na sikuweza kusema namkasirikia nani. Mmoja akaniuliza kama tuendelee. Nikafunga dirisha, nikachukua chaki.

"Tuendelee," nikasema.